Chombo Kilichokataa Kurudi Nyansurura

Wenzangu, mmeniandikia mkiuliza kama ni kweli nilivuka mpaka nimebeba dunia kwenye kikapu. Ni kweli. Wengine mmesikia nilikamatwa Sirari na dhahabu. Hiyo si kweli, ingawa haiko mbali sana na ukweli. Leo Jumapili nguo nimeshafua, nakaa niwaandikie wote kwa mpigo, nisije nikarudia maneno kwa kila mmoja. Habari za ruhusa ya mwalimu mkuu na vibali vya mpakani naziruka, hazina ladha.

Mnakumbuka redio ilivyotangaza kwamba Wamarekani wamekirusha tena kile chombo chao chenye mabawa, watu saba ndani. Mimi nafundisha sayansi darasa la saba, basi wiki ile sikuwa na somo jingine. Niliwaeleza wanafunzi kwamba vyombo vya zamani vilikuwa vya kutumika mara moja: watu walirudi wamejibana kwenye kichwa chake kidogo, na sehemu nyingine zote ziliteketea au kuzama. Hiki kinapaa kama roketi, kinatua kwa magurudumu kama ndege, kinakarabatiwa, kinapaa tena. Na kikiwa juu kinaizunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu.

Jumatatu jioni, saa mbili kasoro dakika kumi, nilikuwa nje ya nyumba yangu kilimani naanua nguo nikakiona. Nyota kubwa isiyopepesa ilitokea magharibi, upande wa ziwa, ikapanda kuelekea mashariki, upande wa hifadhi ya wanyama, bila sauti yoyote. Ilipofika katikati ya anga ikafifia kama utambi ulioishiwa mafuta, ikapotea. Nilipiga kelele hadi mbwa wa kijiji kizima wakanijibu. Watu walipofika kilimani hapakuwa na cha kuonyesha, nami nikatamka neno lililoniponza: "Subirini. Baada ya saa moja na nusu kitapita hapa hapa."

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Ng'ombe wa kwetu wakitoka kwa lango hili, jioni wanarudi kwa lango hili hili, sikuwaza zaidi ya hapo. Watu wakasubiri, wazee na blanketi zao, akina mama na watoto mgongoni. Saa tatu na dakika ishirini ikafika, ikapita. Anga ikatulia na nyota zake za kila siku. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Aliyeniumiza ni Mzee Wambura, baba yake Nyangi. Binti huyo ni wa kwanza darasani kwangu, na si kwa kubahatisha. Mzee alikuwa ameshapanga Jumamosi kuhamia Nyamongo na familia yote, kwenye dhahabu, ambako kila mwenye mikono anaponda mawe, wasichana wakiwemo. Wiki mbili nilikuwa nikimbembeleza amwache Nyangi akae kwangu mpaka amalize mtihani. Sasa akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mwalimu, umesema kitarudi, hakikurudi. Na huo mtihani unaosema utamfaa mtoto, huo nitauamini vipi?"

Nikatazama tena angani.

"Nakupa mpaka Ijumaa," akasema. "Uniambie kitapita saa ngapi, nami nikione kwa macho yangu. Nikikiona, mtoto anabaki. Nisipokiona, Jumamosi anapanda lori na sisi."

"Nitakuambia, mzee," nikamjibu, kama mtu ambaye jibu analo mfukoni. Sikuwa nalo. Lakini Isebania, ng'ambo ya mpaka, nina binamu, Marwa, mtoto wa shangazi yangu, anafundisha fizikia sekondari, na tangu utotoni sijawahi kumwuliza swali akalikosea. Asubuhi nilikuwa barabarani.

Nyansurura hadi Mto Mara

Shule yetu haina tufe la dunia, kwa hiyo mwaka jana nilichora mabara kwenye kibuyu kikubwa cha duara, bahari kwa rangi ya buluu iliyobaki zahanati ilipopakwa, na nchi kavu kwa kiwi ya viatu. Shingo niliikata nikaziba tundu kwa gunzi. Mbegu sikuzitoa, na kila ukikitikisa dunia inalia. Nilikitia kikapuni ili Marwa anieleze kwa vitendo.

Nilipata lori la magunia ya mtama lililobeba pia pampu ya kuvuta maji machimboni. Tulipoipita Mugumu kidogo, dereva akasimama ghafla katikati ya barabara, akazima injini na kuinamisha kichwa kwenye usukani. Nilidhani anaumwa. Pembeni yangu alikaa nesi aliyetoka Newala, mwezi wake wa kwanza katika mkoa wetu, akaanza kutafuta begi lake la dawa.

"Haumwi," nikamwambia baada ya kuangalia mbele. "Yule mama mwenye kuni ni mkwe wake."

Kwa desturi ya Kikurya mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, sembuse kumpita na kumtimulia vumbi. Mama naye alishalijua lile lori, akaingia kichakani kwa heshima na kungoja lipite. Dereva akangoja mama atoke aendelee na njia yake. Wote wawili wana adabu, basi tulikaa pale muda wa kipindi kizima cha hesabu na mapumziko yake.

"Kwetu mkwe unampa lifti!" nesi akalalamika.

"Huku ukimpa lifti utalipa faini ya mbuzi," dereva akamjibu bila kuinua kichwa.

Nesi ndiye aliyetukwamua. Alishuka, akaingia kichakani, akambebea mama kuni zake mpaka wakashika njia ya pembeni. Alirudi na ndizi tatu za kuiva alizopewa kwa shukrani, na tangu hapo dereva alimwita dada.

Mto Mara tuliuvuka kwa mtumbwi, lori likabaki kungoja wabebaji wa pampu. Mwenye mtumbwi alituonyesha mamba kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake, kila mmoja na tabia yake. Nilikumbatia kikapu na kutazama ng'ambo.

Nyamongo

Kaka yangu Mwita ana mwaka wa pili Nyamongo. Anazungusha winchi: gogo lenye mikono miwili ya kushika lililowekwa juu ya shimo refu, kamba inajikunja kwenye gogo na ndoo ya mawe inapanda. Alinikuta nimesimama kando ya shimo, akafurahi, akanikemea kwa kusimama kando ya shimo.

Nilimweleza safari yangu tukila ugali wa muhogo na dagaa. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama kule juu kuna dhahabu. Nikasema sijui. Akasema basi hao watu saba wana moyo.

Kilichonikaa kifuani Nyamongo ni wale wasichana. Walikaa mstari mmoja chini ya turubai, nyundo mkononi, wakiponda mawe yawe unga. Mmoja wa umri wa Nyangi, vumbi mpaka kwenye kope, aliinua uso akasema, "Shikamoo mwalimu." Sikuwa nimemfundisha kamwe. Aliona chaki kwenye sketi yangu. Niliitikia, nikamwuliza alifika darasa la ngapi. "La sita," akasema, na nyundo ikaendelea. Usiku ule nilikosa usingizi, na haikuwa kwa sababu ya kelele za pampu.

Jioni nilikuwa nimetazama juu. Moshi na vumbi tupu.

Tarime hadi Sirari

Jumatano niliamka na nguvu. Nilifika Tarime kwenye gari la nyanya, nikanywa uji wa ulezi wa moto kwa mama mmoja aliyekataa kunipa sukari mpaka nimsifie uji bila sukari. Nilimsifia kwa haki. Saa nane mchana nilikuwa Sirari, katikati ya malori, wabadilisha fedha na vijana wa kugonga mihuri wanaojua shida yako kabla hujaisema.

Pale ndipo dunia yangu ilipokamatwa. Ofisa aliyekuwa akikagua mizigo alikitikisa kibuyu, kikalia.

"Humu ndani kuna nini, mama?"

"Mbegu."

"Umetoka wapi?"

"Nyamongo," nikasema, na papo hapo nikajua nimejimaliza. Miaka hii, mtu anayetoka Nyamongo na kibuyu kilichozibwa kinacholia ndani, ungekuwa wewe ungemwachia apite? Watu wakaanza kusogea. Ofisa akataka kukipasua.

"Kaka yangu, hiyo ni dunia," nikamwambia. "Ni ya wanafunzi arobaini na wawili. Ukiipasua utaenda kuwaeleza mwenyewe."

Akaigeuza geuza. Alikuwa mtu wa Kigoma. Akatafuta Ziwa Tanganyika, akaliona, na sura ikalegea kidogo. Mwishowe, gunzi lilipogoma kutoka, akaomba msumari wa moto kwa fundi wa jirani, akatoboa tundu juu kabisa, pale kwenye ncha ya kaskazini ambako hakai mtu, akainamisha kibuyu kiganjani. Zikatoka mbegu. Akamwaga zote, akahesabu mabara kama mtu anayehakikisha mali haikupungua, akanirudishia.

"Samahani, mwalimu. Kazi ni kazi."

Nilikasirika, siwafichi. Dunia yangu ilikuwa na tundu utosini na haikulia tena.

Isebania

Marwa alinipokea kwa mvua na chapati. Mkewe aliongeza kila nilichomaliza, na nilipolalamika akasema watu wa Tanzania wanajulikana kwa aibu ya mezani. Jioni ile anga ilikuwa imefunga kabisa. Nikamweleza binamu yangu kila kitu, pamoja na jinsi chombo kilivyokataa kurudi. Aliweka kikombe chini akacheka mpaka akafuta macho.

"Bhoke, hiyo kitu ilirudi! Nyinyi ndio mlienda."

Nikamwambia anieleze polepole, mimi si mwanafunzi wake.

"Sikia. Ukirusha jiwe, linaanguka. Ukirusha kwa nguvu, linaanguka mbali. Sasa hiyo chombo imerushwa speed ile mbaya, karibu kilomita nane kila sekunde. Kutoka hapa mpaka Musoma hata hujamaliza kupiga chafya mara tatu. Inaanguka, iko tu inaanguka, lakini dunia ni ya mviringo, ardhi inajikunja chini yake kabla iiguse. Ndio maana haihitaji injini kuzunguka."

"Hilo nalijua," nikasema, ingawa sikuwa nalijua vizuri hivyo. "Kwa nini haikupita Nyansurura?"

"Kwa sababu Nyansurura haikungoja! Dunia inazunguka pia, si ndio? Hiyo saa moja na nusu, nyinyi wote na ng'ombe wenu na kilima chenu mmesukumwa mashariki. Chombo ikarudi njia yake ile ile, ikakuta chini yake ni kule pwani ya magharibi ya Afrika. Na hata ingepita kwenu msingeiona. Haina taa. Inang'aa kwa jua, na saa hiyo tayari iko kwa kivuli cha dunia. Ile uliona ikizima, iliingia kwa kivuli."

Nimefundisha miaka tisa kwamba dunia inajizungusha, nimewapa watoto alama kwa kulijua hilo, na mwenyewe niliposimama kilimani nililisahau. Niliona aibu, halafu nikafurahi, kwa sababu kosa langu sasa lilikuwa na jina.

"Sasa niambie kitapita kwetu saa ngapi Ijumaa."

Marwa akatikisa kichwa. "Hiyo sina. Saa ziko na wenyewe wanaoirusha. Kila siku inabadilika kidogo, lakini kwa kiasi gani, kwa hii wanarusha sasa, hata mimi sijui."

Nilimwomba arudie, labda sikusikia. Nilikuwa nimesikia. Nilivuka mto, mpaka na msumari wa moto kufuata saa, na saa haikuwepo.

Nyamongo tena

Alhamisi nilirudi na jibu la kwa nini bila jibu la lini. Njia nzima nilijisemea kwamba nusu ya jibu ni bora kuliko uongo mzima, na nikajiuliza pia Mzee Wambura atalinunua kwa bei gani. Hata lile la kwa nini sikujua nitalielezaje. Marwa alieleza kwa maneno, nami nilishajua maneno yangu yamepoteza thamani kijijini.

Nilifika kwa Mwita wakati wa kazi, nikakaa juu ya jiwe kumngoja. Gogo la winchi lilizunguka, kamba ikajilaza mzingo kando ya mzingo, mfano wa bangili mkononi. Nikaona kwamba kila gogo lilipozunguka Mwita aliipa kamba msukumo mdogo kwa kidole gumba.

"Kwa nini unaisukuma?"

"Ikilala pale pale inajibana, inakatika," akasema. "Kila mzunguko lazima ukae pembeni ya mwenzake. Dada, wewe mwalimu hulijui hilo?"

Nilinyanyuka na kuanza kumtafuta mtu mwenye uzi. Tundu la yule ofisa lilikuwa kaskazini kabisa, na tundu langu la gunzi kusini kabisa. Nikapitisha kijiti, kikatoboa gunzi, kikatokea upande wa pili, na kwa mara ya kwanza dunia yangu ikazunguka. Mwita akaizungusha taratibu. Mimi nikaupitisha uzi kuizunguka, mkono wangu ukifuata njia moja tu bila kuhama. Uzi ulipomaliza mzunguko wa kwanza haukukaa pale ulipoanzia. Ulilala pembeni, upande wa magharibi. Mzunguko wa pili pembeni zaidi. Nikapiga kelele tena, kama Jumatatu.

Lilikuwa kosa. Mwanamke mgeni, kibuyu chenye michoro, uzi na kelele: machimbo yote yakajua mganga wa dhahabu amefika. Ndani ya muda mfupi nilikuwa na mstari wa wanaume wazima wakitaka kuonyeshwa mwamba unakoelekea. Mmoja alileta jogoo.

"Jamani, kibuyu hiki kinaonyesha kila kitu isipokuwa dhahabu," nikawaambia. Wakatazamana, wakaona mganga huyu anapandisha bei. Mimi nilimkataa jogoo, Mwita hakumkataa, na usiku tulimla kwa ugali wa mtama. Mawingu yalikuwa mazito, sikuona nyota hata moja.

Nyumbani

Ijumaa kila kitu kilikwenda sawa, hata mkwe wa dereva hakutokea. Nilishuka Nyansurura jua linakaribia kuzama, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Wambura kabla moyo haujabadilika. Mikeka ilikuwa imeshaviringishwa. Kinu kimewekwa mlangoni, na mafurushi yamepangwa ukutani, madogo kwa makubwa. Ng'ombe walikuwa wameingia, Nyangi anakamua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Pole na safari."

"Mzee, nisikuzungushe. Nimerudi na nusu ya jibu. Najua kwa nini Jumatatu hakikurudi, kosa lilikuwa langu. Saa ya leo sikuipata."

Alinisogezea kigoda. "Kaa. Bado mapema. Yuko kwa ng'ombe wa kwanza."

Sikuelewa. Nyangi akajibu kutoka zizini, bila kuacha kukamua.

"Mwalimu, Jumatatu ulipopiga kelele nilikuwa kwa ng'ombe wa tisa. Jumanne nikasema nitazame tena, maana ulisema kinazunguka bila kuchoka. Kikapita nikiwa kwa wa saba. Jumatano wa sita. Jana wa nne. Naanza kukamua jua likizama kila siku, na ng'ombe ni wale wale. Leo nadhani ni wa tatu. Kesho kitapita kwa wa kwanza, anga bado na mwanga mwingi, hatutakiona."

Nilimtazama baba yake.

"Jumatano aliniita," akasema. "Jana nilijitokeza mwenyewe."

Wenzangu, siku nne nilihangaika kutafuta saa ya chombo kile, na saa yenyewe ilikuwa kwenye kata ya maziwa nyumbani kwa mtu niliyemkimbia. Nilicheka, machozi yakanitoka, sikuyaficha.

"Lakini mwalimu," Nyangi akaendelea, akihamia ng'ombe wa pili, "kwa nini usiku ule hakikurudi? Hilo nimelifikiria, nimeshindwa."

Nikatoa kibuyu, kijiti na uzi. Mzee Wambura akashika kijiti na kuzungusha dunia, mimi nikapitisha uzi, Nyangi akitazama juu ya mgongo wa ng'ombe. Uzi ulipolala pembeni mara ya pili alisema "Aaa!" ndefu, ile ambayo sisi walimu tunaifanyia kazi mwaka mzima.

Alikuwa kwa ng'ombe wa tatu, kata haijafika nusu, chombo kilipotokea upande wa ziwa. Anga ilikuwa bado na weupe, nacho kiking'aa peke yake, kikapanda, kikapita juu ya zizi, na safari hii hakikuzima mpaka kikapotelea upande wa hifadhi. Ng'ombe ndio pekee ambao hawakutazama.

"Hao watu saba," Mzee Wambura akauliza baadaye, "watarudi kwao?"

"Watarudi, mzee. Na chombo kitapelekwa tena."

Akaenda ukutani, akayapitia mafurushi kwa mkono, akatoa moja dogo, akanipa. Lilikuwa la Nyangi.

"Mimi nilisema uniambie saa," akasema. "Ameniambia mwanafunzi wako, naona ni wewe yule yule. Likizo aje atusalimie. Na asipite njia ya machimbo, apite njia ya Tarime."

Jana asubuhi lori liliondoka bila yeye. Alilia kidogo, nami nikamwacha alie. Sasa hivi anakoroga uji jikoni kwangu, na ananiuliza kama kwenye barua nimewaambia kwamba ng'ombe walikuwa wake. Nimewaambia.